Muzigo Mumoja, Mikono Mingi

Mwezi huu sitawaandikia mahubiri. Nataka kuwaelezea safari moja niliyofanya, na picha moja niliyoiona, na muzee mumoja aliyenifundisha jambo ambalo sikulipata ku masomo ya Biblia.

Ilikuwa mwaka 2019. Kanisa lilinituma Ubelgiji kwa mukutano wa wachungaji, kule Bruxelles. Mukutano ulipoisha, zilibaki siku tatu mbele ya kupanda ndege. Wenzangu walienda madukani. Mimi nilikuwa na deni la kulipa mu muji wa Anvers, ambao wenyewe wanaita Antwerpen.

Deni lenyewe ni hili. Mwaka 2017 nilizika kijana mumoja wa parokia yetu, mwenye miaka 22. Alikuwa mu kundi la wachimbaji wa mikono, wale tunaoita “creuseurs”, upande wa Kolwezi. Udongo uliwaangukia. Baba yake, muzee wa kanisa letu, alikuwa amekwisha kuhamia Anvers kwa binti yake. Makaratasi ya safari yalichelewa, na tulizika bila yeye. Alisikia yote paka ku telefone. Nilipokuwa nafunga sanduku la safari, dada za marehemu walikuja kwangu wakasema: “Pasta, ukifika kule, umuelezee Papa namna ilivyokuwa. Sisi ku telefone tumeshindwa.”

Nilikwenda na woga. Kuhubiri mbele ya watu mingi ni mwepesi kuliko kukaa mbele ya baba mumoja aliyefiwa.

MUJI WA MUKUBA YETU

Kutoka Bruxelles mpaka Anvers, treni haimalizi saa nzima. Inchi ni sawasawa kama meza, hakuna kilima hata kimoja. Gare yao ilifunguliwa mwaka 1905, na juu yake kuko paa la mviringo kama la kanisa. Ukitoka pale, unatembea kwa miguu mpaka unaona munara wa katedrali, wenye metre 123. Unauona toka mbali, kama vile sisi tunavyoona lile bomba refu la moshi tukifika Lubumbashi.

Anvers ni bandari. Wazee wetu walijua hilo jina mbele ya sisi kuzaliwa, kwa sababu mukuba ya Katanga ilishukia kule, na ilisafishwa tena kule Hoboken, kando ya muji. Muzee wetu alifanya kazi miaka mingi mu kiwanda cha mukuba kule Likasi. Aliponipokea ku mulango alicheka akasema: “Unaona, Pasta? Nimefata mukuba mpaka fasi ilikuwa inashukia!”

Binti yake alitupikia bukari na samaki. Tulikula, tuliomba. Nilingojea aniulize juu ya mutoto. Hakuuliza. Nyuma ya mulango wa sebule niliona kitu kikubwa kimefunikwa na kitambala, na mu chumba kulikuwa na harufu ya terebentina. Nilipofungua kinywa ili nianze mwenyewe, aliinua mukono.

“Pasta, bado. Kesho asubui twende kwanza kanisani. Kuko kitu nataka uone. Kisha utanielezea.”

MUPROTESTANTI MBELE YA PICHA

Nyinyi munajua sisi Waprotestanti. Makanisa yetu hayana sanamu. Nilipoingia mu ile katedrali ya Bikira Maria, nikaona nguzo na picha kila upande, niliwaza amri ya pili, Kutoka sura ya 20.

Na nilikumbuka tena jambo la historia. Mwezi wa 8 mwaka 1566, watu wa upande wa Matengenezo, babu zetu katika imani, waliingia mu katedrali hii wakavunja sanamu na picha usiku mumoja. Waliona kwamba watu wanapigia vitu magoti pahali pa kumupigia Mungu. Mimi sitawacheka. Lakini sikiliza mambo ya Mungu yalivyo: katika viongozi wa muji wa wakati ule kulikuwa mumoja, Jan Rubens, aliyependelea mafundisho ya Calvin. Mwaka 1568 alikimbia na jamaa yake mpaka Ujerumani. Kule uhamishoni, mwaka 1577, alizaliwa mutoto, Peter Paul. Baba alipokufa, mama alirudi na watoto Anvers, mu kanisa la Kikatoliki. Yule mutoto wa mukimbizi njo aliyekuwa fundi mukubwa wa picha wa muji huu. Watu wa Matengenezo walitosha picha mu katedrali, na mutoto wa mumoja wao alirudisha picha.

Muzee aliona nimesimama pa mulango. Akaniambia: “Pasta, hatukuja kuabudu. Tumekuja kutazama kazi.” Hapo nilikumbuka Besaleli katika Kutoka sura ya 35. Mungu alimujaza Roho ili ajue kufanya kazi za mikono, za zahabu, za feza na za shaba. Mungu aliyekataza sanamu njo huyo huyo aliyemupa fundi akili ya mikono. Nikaingia.

WATU MUNANE NA MWILI

Picha inaitwa Kushushwa Musalabani. Kundi la walinzi wa muji wenye bunduki njo walioiagiza kwa Rubens mwezi wa 9 mwaka 1611. Sehemu ya katikati ilifika mu kanisa mwaka 1612, na mabawa mawili yalikamilika mwaka 1614. Imechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya mbao za mwaloni. Urefu wake unapita metre ine, upana unapita metre tatu. Ukisimama chini yake, wewe ni mudogo.

Mule kuko Yesu aliyekufa, na watu munane wenye uhai. Wanaume wawili wako juu kabisa, wameinama juu ya muti wa musalaba. Chini yao, Yosefu wa Arimatea na Nikodemo wako ku ngazi. Yohana amevaa nguo nyekundu, amekaza miguu, anapokea uzito. Maria mama ya Yesu ananyoosha mukono. Wanawake wawili wako chini karibu ya ardhi, na muguu wa Yesu unagusa bega la mumoja wao, Maria Magdalena. Kitambala kikubwa cheupe kinashuka toka juu kuume mpaka chini kushoto, na mwili unateleza ndani yake. Mu pembe ya chini kuko beseni la shaba, lenye damu, misumari na taji la miiba.

Wale walinzi walikuwa na mutakatifu wao, Kristofo, ambaye jina lake maana yake ni mwenye kumubeba Kristo. Kwa hiyo Rubens alichora ku mabawa watu wengine wenye kumubeba: upande mumoja Maria mwenye mimba anamutembelea Elisabeti, upande mwingine muzee Simeoni anamukamata mutoto mu mikono ndani ya hekalu. Picha yote inaongea neno moja tu, ni kubeba.

Muzee alininyooshea kidole juu kabisa. “Tazama huyu mutu. Mikono yake ina kazi, basi kitambala anakishika na meno. Miye nilifikiri ni muchoraji tu alizidisha.”

Sikujibu kitu. Nilijisikia moyo unapiga. Mutaelewa sababu mbele.

KAZI NYUMA YA KITAMBALA

Tuliporudi nyumbani, alitosha kile kitambala nyuma ya mulango. Ilikuwa kopi ya ile picha, juu ya turubai, sehemu moja ya ine ya urefu wake: santimetre 105 kwa 78. Haikuwa imeisha.

Vijana, sikilizeni hapa, kwa sababu wengi kati yenu munapenda kuchora. Muzee alianza kujifunza akiwa na miaka 66. Kule Ubelgiji kuko masomo ya mangaribi kwa watu wazima, na mwalimu wake, mama mumoja wa kule, aliwaambia kila mutu achague kazi ya fundi wa zamani na aiige. Yeye alichagua hii.

“Mara ya kwanza,” aliniambia, “nilianza na nyuso. Nilichora mutu mumoja mumoja, nikimaliza huyu naenda kwa mwingine. Myezi mitano! Nyuso zilikuwa nzuri. Mwalimu akaja, akatazama sana, akasema: Kila mutu ni muzuri, lakini hakuna mwenye kubeba kitu. Akaniomba nifute yote. Pasta, nililia.”

Alianza upya, na safari hii kwa utaratibu. Kwanza alipaka turubai rangi ya udongo, nyepesi, ili asianzie ku weupe. Kisha alipiga mistari, akagawanya turubai mu miraba ya santimetre 10. Alipiga miraba vilevile ku karatasi ya picha aliyonunua ku katedrali, ili kila kitu kipate fasi yake. Kisha aligeuza ile karatasi kichwa chini, miguu juu. Ukigeuza hivyo, huoni tena Maria wala Yohana. Unaona fasi ya mwangaza na fasi ya giza. Akaona kwamba mwangaza wote ni njia moja, ile ya kitambala na mwili, na watu wote wanaingia mu ile njia kwa mikono yao.

Basi alichora na makala mistari ya uzito tu: huyu anavuta, huyu anategemeza, huyu anapokea. Nyuma yake, rangi ya kahawia iliyozimuliwa na terebentina, juu ya giza. Kisha nyeupe juu ya mwangaza. Rangi nyekundu, buluu na ya majani zilikuja mwisho. Giza linapakwa jembamba, mwangaza unapakwa munene, kama vile Rubens mwenyewe alivyozoea. Na kuko sheria moja: rangi yenye mafuta kidogo iwe chini, yenye mafuta mengi iwe juu. Ukigeuza, picha itapasuka kama udongo wa kiangazi. Katikati ya rangi na rangi unangojea siku mingi zikauke. Mwenye haraka anaharibu.

“Njoo ujaribu kitu,” Muzee akaniambia. “Funika Yohana na mukono wako.” Nikafunika. Wapendwa, mwili wa Yesu ulionekana unaanguka! Nikatosha mukono, ukasimama tena. Nikafunika yule wa ngazi, upande mwingine ukalegea. “Unaona?” akasema. “Mwalimu njo alinifundisha kupima hivi. Kama unaweza kufunika mutu na hakuna kitu kinaanguka, basi yule mutu hujamuchora bado.”

Niliwaza kanisa letu. Je, ukinifunika mimi, kuko kitu kitaanguka? Ukifunika yule mama mwenye kufagia kanisa siku ya posho, kuko kitu kitaanguka?

RANGI YA BULUU

Kisha alifungua sanduku la rangi. Aliniambia kwamba wachoraji wa wakati wa Rubens walipata buluu mu jiwe la mukuba lililosagwa, tena mu kioo kilichotiwa kobalti na kusagwa kuwa unga. Alikamata tube moja ndogo, mupya, haijafunguliwa. Juu yake imeandikwa: bleu de cobalt.

“Hii ni ya nguo ya Maria,” alisema. “Nimeinunua mwaka muzima. Sijaweza kuifungua.”

Sikuhitaji kuuliza. Mutoto wake alikufa mu shimo la kobalti.

Akakaa. “Sasa, Pasta, nielezee. Nani alimutosha mutoto wangu? Nani alimushika ku miguu?”

Nikamuelezea yote. Nilimuambia kwamba nilikuwa pale, kwa sababu waliniita usiku, na tulifika wakati vijana walikuwa wanachimba bado ili wamufikie. Wawili walishuka na kamba, wakamufunga mu bulangeti. Wanne walivuta toka juu. Rafiki yake mumoja, waliyesoma pamoja ku shule ya msingi, alikaa pa mudomo wa shimo, mikono yote miwili ku kamba. Bulangeti lilianza kufunguka, na kichwa cha marehemu kilikuwa kitaonekana mbele ya mama zetu. Yule kijana aliinama, akakamata pembe ya bulangeti na meno, akaishika hivyo mpaka tulipomupokea chini. Nilimuona na macho yangu.

Muzee alinyamaza muda murefu. Kisha alisema: “Basi Rubens hakuzidisha.”

Alilia, na mimi nililia. Binti yake alikuja toka jikoni akakaa pamoja nasi. Miaka miwili walikuwa hawajalia pamoja hivyo. Tulisoma Yohana sura ya 19, toka mustari wa 38, mule mwenye kuandika anatuelezea Yosefu na Nikodemo. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa kujificha. Siku ya ushuhuda hawakusema neno. Lakini siku ya kubeba, walikuja.

KUIGA SI HAYA

Nilimuuliza Muzee kwa nini uso wa yule mutu wa juu, mwenye meno, haujachorwa. Alinijibu kwa kunielezea hadisi mbili.

Ya kwanza ni ya Rubens mwenyewe. Mu ujana wake alikaa Italia myaka munane, toka 1600 mpaka 1608, akiiga kazi za mafundi waliomutangulia. Na hata alipokuwa na miaka 51, mwenye sifa mu Ulaya yote, alifika Madrid mwaka 1628 na akaketi tena kama mwanafunzi kuiga picha za Tiziano. Moja ni ya Adamu na Eva. Ile ya Tiziano na ile ya Rubens ziko zote mu muzeo wa Prado, na ukizilinganisha utaona Rubens ameongeza ndege wa rangi mu muti. Aliiga, na aliongeza kitu chake.

Ya pili ni ya Rembrandt wa Uholanzi. Mwaka 1620 fundi mumoja, Lucas Vorsterman, alichonga ile picha ya Anvers ku sahani ya shaba, na makaratasi yaliyopigwa chapa yakaenea. Shaba njo iliyobeba picha mpaka inchi ya Waprotestanti. Rembrandt alijifunza kutoka ile karatasi, na kando ya mwaka 1633 alichora Kushushwa Musalabani kwake mwenyewe. Picha iko Munich. Ku ngazi kuko mutu mumoja mwenye kuvaa buluu, anakamata mukono wa Yesu, na wenye kuchunguza wanasema uso ule ni wa Rembrandt mwenyewe.

“Miye sikumushusha mutoto wangu,” Muzee akasema. “Ule uso nilikuwa naungojea. Sikujua ni wa nani. Pasta, ni zambi nikiweka wangu?”

Ku shule ya Biblia hawakunifundisha jibu la swali hilo. Nilimuambia: “Muzee, kumusaidia Kristo kushuka si zambi. Weka.”

Nyuma ya kurudi, niliwaelezea vijana wa parokia. Mumoja aliuliza: “Pasta, kwa nini tuige picha ya Wazungu?” Ni swali zuri. Kule Lubumbashi, mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alianzisha nyumba ya wachoraji na hakutaka wanafunzi waige Ulaya. Kwa njia ile tulipata kazi za Pili Pili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, ambazo hazifanani na za mutu yeyote. Ni njia moja, na ni nzuri. Lakini fundi wetu Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya inchi ku turubai ya mifuko ya unga katika miaka ya 1970, alipochora kifo cha Lumumba aliweka misalaba mitatu nyuma yake. Hakuna aliyemuambia ni ya Wazungu. Aliichukua, akaifanya iseme mambo ya kwetu. Na Musa naye aliambiwa ajenge hema kwa kufata mufano aliooneshwa mulimani. Mwanafunzi ni mutu wa kufata kwanza. Tukiona haya kufata, hatutakuwa wanafunzi wa mutu yeyote, hata wa Yesu.

Basi vijana wanne walianza. Hawana rangi za tube. Wana mufuko wa unga uliopakwa kole, rangi ya nyumba, makala, na karatasi ya kalenda yenye miraba. Picha zao zina makosa. Lakini nimewafundisha kupima na mukono: funika mumoja, tazama kama kuko kitu kinaanguka.

Mwaka 2021 Muzee alinitumia ku telefone foto ya picha yake iliyoisha. Nguo ya Maria ni buluu. Nyuma ya turubai ameandika: Kopi ya Rubens; na chini yake, jina la mutoto wake na mwaka 2017. Jina la fundi hakujipa yeye, na hilo pia ni uaminifu. Nilimupigia ili nimupongeze kwa ule uso wa juu.

“Pua imekuwa kubwa,” alisema. “Lakini meno yanashika.”

YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Someni Yohana 19:38-42. Yosefu na Nikodemo walifanya nini ambacho wale wengine hawakuweza?
2. Katika jamaa yenu, ni nani mwenye kubeba na hakuna mwenye kumuona? Mumuambie wiki hii.
3. Je, kuko ndugu wa mbali ambaye hakufika ku mazishi na anangojea mutu amuelezee? Nani atakwenda?